Seva Moja Kati ya Kumi

Msichana aliyeketi nyuma ya abiria wawili hakutaka kusikiliza, lakini kiti cha basi hakina mlango. Fundi wa kompyuta alikuwa akimweleza mama asiyemjua, aliyekaa kando yake, kilichomkosesha usingizi. "Tuna seva kumi, yaani kompyuta kuu za kupokea maombi ya magari ya wagonjwa. Nilizigawia kazi kwa tarehe, kila siku seva yake, basi siku maombi yalipozidi yote yakaangukia seva moja, ikalemewa." "Na hizo tisa?" "Zilikaa tu." "Kama mashemeji siku ya kuchimba choo!" mama alicheka. "Nawe hukuona?" "Niliangalia wastani wa zote kumi, mama. Wastani ulionyesha mambo shwari."

Mama aliacha kucheka. "Siku gani hiyo?" "Jumatatu iliyopita, asubuhi." "Mume wangu alifariki asubuhi hiyo, akingoja gari. Mawifi zangu wanasema nilichelewa kuliita."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama." Kisha akafungua kompyuta. "Foleni ya maombi imehifadhi saa ya kila ombi. Nitajie namba yako ya simu, ukawaonyeshe." Mama alitaja tarakimu nne, akasita. "Mwanangu, na kama kweli nilichelewa?"

Basi lilisimama kituo cha mwisho. Msichana aliteremka, akawaacha wamekaa vilevile, kidole cha fundi kikingoja tarakimu ya tano.