Tundu Dogo la Munganga Siméon

Wasikilizaji wapendwa wa Kalemie, nanyi mnaotusikia huko Manono na Pepa, leo tunamkumbuka Munganga Siméon Mulunda, daktari mpasuaji. Alitutoka Jumanne, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Mwaka 1983 aliletewa Florentine, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, pale bandarini. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoka usaha tangu utotoni. Sasa alikuwa na homa, kichwa kinamuuma mno, mkono wa kulia umelegea. Akitaka kusema "maji", linatoka neno jingine kabisa.

Siméon alitambua: usaha umejikusanya ndani ya ubongo, upande wa sikio lile. Mashine ya kupiga picha ya ubongo hakuwa nayo. Treni ya kwenda hospitali kubwa ya Lubumbashi ingechukua siku nyingi. Na kufungua fuvu kwa upana, mgonjwa dhaifu vile asingestahimili. Basi aliamua kutoboa tundu moja dogo juu ya sikio, apitishe sindano, avute usaha.

Mama Agathe, mzazi wa Florentine, alimuuliza: "Munganga, umeshafanya hii kazi?"

"Niliiona mara mbili, Mama. Kuifanya mwenyewe, bado. Lakini tukingojea, mutoto wako atakufa."

Mama Agathe akasema: "Basi ingia. Mie niko hapa mulangoni."

Mjane wa Siméon, Mama Angélique, ndiye muuguzi aliyemsaidia asubuhi ile. Anasimulia: "Alizungusha keke ya mukono, ile ya kutoboa mufupa, polepole, jasho linamutoka. Sindano ya kwanza ikatoka kavu. Akafunga macho. Akageuza upande kidogo, akaingiza tena. Usaha ukapanda ndani ya bomba. Akaniambia, 'Angélique, njo huu, usaha wenyewe!'"

Siku ya tano aliuvuta tena, kupitia tundu lile lile. Dawa ziliendelea wiki sita. Siku ya tisa Florentine alimtazama mama yake, akasema wazi: "Mama, niko na njaa." Siméon alitoka nje haraka. Wauguzi walimkuta nyuma ya jengo, analia.

Baadaye alitibu wengine kumi na mmoja kwa njia hiyo. Watatu walikufa, na hakuwahi kuwaficha. Aliwaombea kwa majina yao kila Jumapili.

Juzi makaburini, Florentine alisema: "Kila neno nasema tangu mwaka ule, njo yeye alinirudishia."

Mama Angélique na watoto, poleni sana. Kalemie yote iko nanyi. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mfikirieni mtu aliyewaambia ukweli siku ya hofu, kisha akabaki nanyi. Kama angali hai, nendeni mumshukuru leo.