Koleo Lilianza na Fedha, Si na Meno

Nisameheni mapema, maana kisa hiki nitakiharibu. Kinataka msimulizi mwenye pumzi, anayejua kunyamaza panapostahili kimya, na mimi hapo ndipo ninapopiga makofi. Lakini wenyewe waliokuwepo, kila mmoja anakisimulia akijipa maneno mazuri ya mwenzake. Afadhali mchukue changu, mimi siku hiyo sikusema kitu.

Kijiwe chenyewe ni benchi refu lililoegemea ukuta wa duka la mbao, mguu mmoja umetiwa kabari ya kigae. Upande wa jua hukaa Lehemu, sonara, aliyepewa jina hilo kwa kuwa akishika hoja haibanduki mpaka uje na moto. Katikati hukaa Dresa, aliyefunga vidonda hospitalini miaka thelathini, na hadi leo hamsalimu mtu kabla ya kumkagua panapomuuma. Pembeni yupo Hakimu, ambaye maishani mwake hajahukumu hata kuku. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili mpaka sheria ikamwingia mabegani. Mbele yao, juu ya kigoda, Mama Kahawa na birika lake. Kahawa anauza, kusikiliza anasikiliza bure.

Asubuhi hiyo Lehemu alifika amefura kama andazi, hata salamu hakutoa. Alikuwa ametoka kwenye chumba cha kumbukumbu za mji, ambacho kingefunguliwa rasmi kesho yake ndani ya jengo la posta ya zamani. Humo kulikuwa na koleo la baba wa babu yake, alilolitoa Lehemu mwenyewe kwa mkono wake, limelazwa kwenye kabati la kioo juu ya kitambaa chekundu. Chini yake kibao: "Koleo la mng'oa meno wa zamani." Basi. Fedha haikutajwa, usonara haukutajwa. Aligomba pale mpaka wakamwambia haya mzee, andika masahihisho, binti anayeshughulikia vibao atapita kijiweni kabla ya saa sita kuyachukua. Baada ya saa sita mchapaji anafunga, na kesho wageni watasoma meno.

— Baba wa babu yangu alikuwa sonara, alisema Lehemu akikamata kikombe kama anayetaka kukinyonga. Meno ilikuwa kazi ya alasiri.

Dresa, ambaye hupenda jambo lisafishwe kabla ya kufungwa, aliuliza kwa upole kama marehemu alikuwa aking'oa meno au hang'oi.

— Aking'oa.

— Basi kosa lao liko wapi?

— Wewe Jumapili ulikuwa unafagia wodi. Ukifa tuandike hapa kalala mfagiaji?

Dresa aliona kidonda hicho ni chake, akahama upande pale pale. Lehemu akawaeleza, kwa mara ya mia na kidogo, koleo lile lilivyozaliwa. Uzi wa fedha, alisema, hauchongwi, huvutwa. Unachukua kipande kilicholainishwa motoni, unakichonga ncha, unakipitisha kwenye bamba la chuma lenye matundu, kisha unaking'ang'ania kwa koleo na kukivuta, tundu kubwa, tundu dogo, tundu dogo zaidi, mpaka fedha inakuwa nyembamba kama unywele. Ukivuta kwa papara, uzi unakatika. Sasa mtu mwenye kiganja cha namna hiyo akikushika gego, gego lenyewe linajiona lina bahati. Ndiyo maana mji mzima ulimwendea. Koleo lilianza na fedha, meno yalikuja kuomba msaada.

Hakimu alikohoa kikohozi cha mahakamani. Akasema wale watu wa chumba wamekwisha kuhukumiwa na wahenga wenyewe, kwa maana imenenwa jino la pembe si dawa ya pengo.

— Lakini ndiyo aliyokuwa akitengeneza, alisema Lehemu. Meno ya mfupa, akayafunga kwa uzi wa fedha. Watu walitafunia.

— Basi wahenga walipitiwa, alisema Hakimu. Tutawakatia rufaa.

Kwa kuwa yeye ndiye mwenye mwandiko, karatasi ilimwendea. Akaandika sonara, akapiga mstari chini, halafu mng'oa meno. Lehemu akamsomea aliyoyarithi kwa baba yake: mzee alitoboa masikio, alikuwa na mizani ndogo kiasi kwamba waganga walileta dawa zao kupimiwa, na sarafu ya kutiliwa shaka aliidondosha juu ya jiwe, akasikiliza, akasema hii ni mwizi. Mpaka hapo mambo yalikuwa na miguu.

Shida ya kahawa ni kwamba kikombe cha pili hakikubali kuzidiwa na cha kwanza. Dresa alikumbuka kwamba masonara wa zamani walitengeneza hata pua. Mtu aliyepoteza yake kwa maradhi alitiwa ya fedha, akaambiwa aitie mfukoni kabla ya kupiga chafya. Hakimu akaandika pua. Kisha yeye akasema hilo ni dogo, sonara ndiye aliyekuwa akiamua ugomvi wa ndoa. Vipi? Mizani. Mume na mke walivua pete, zikapimwa, na ile iliyopungua zaidi ndiyo iliyofua, ikapika na kusugua masufuria, kwa hiyo mwenye pete nzito ashike adabu.

Mama Kahawa alisema kesi hiyo angeipenda, ila pete yake iliuzwa na mwenye pete nzito.

Hawakumsikia, walikuwa wameshapanda mlima. Dresa alidai sonara ndiye aliyekuwa gazeti, kwa kuwa alijua harusi kabla ya bibi harusi. Hakimu hakutaka kuachwa nyuma. Vita vingi vya zamani, alisema, vilikuwa ni gego la mfalme. Mfalme halali siku tatu, shavu limevimba, kesho yake anatangazia jirani mapigano. Aking'olewa, anasamehe. Haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo haijulikani ni vita vingapi mzee huyo alivizuia kwa koleo lile lile walilolidhalilisha posta. Akaandika: mzuiaji wa vita.

Kila kazi ilivyoongezwa, Lehemu alizidi kunyooka, mpaka mgongo ukaachana na ukuta. Ndivyo binadamu walivyo, alisema. Mtu amefanya makubwa yote haya, halafu watoto wa juzi wanambandika meno, wanafunga kioo. Taifa la watu wasiojali. Hawaulizi, hawahifadhi, hawana haya.

— Na hiyo habari ya meno waliipata wapi? aliuliza Mama Kahawa, akimimina.

Lehemu alipuliza kahawa iliyokuwa imekwisha kupoa.

Ikabidi aseme. Aliwapa yeye. Siku ya kukabidhi koleo alianza vizuri tu, na fedha, na bamba, na matundu, na yule binti alikuwa akiandika kichwa chini. Alipogusia meno, binti akacheka. Basi akabaki huko huko. Akaongeza na yule mteja aliyemng'ata fundi, akaigiza na sauti. Ndivyo alivyozoea, kwenye harusi, kwenye misiba, popote penye watu watatu.

— Ya fedha hayachekeshi, alisema.

Hakimu akasema haraka haraka haina baraka. Hakuna aliyeona inahusu nini.

Binti akatokea kabla ya saa sita, na mkoba wake na kalamu sikioni, akawaamkia shikamooni wazee, akapewa karatasi. Aliisoma yote, mpaka vita. Hakucheka. Aliwaambia kwa heshima kwamba usonara utatangulia, haki yao, lakini kibao kina mistari minne tu, na mstari wa kwanza ni wa jina.

— Alikuwa akiitwa nani?

— Fundi, alisema Lehemu.

— Hiyo ni kazi yake, baba. Jina lake.

Lehemu alifungua kiganja. Akakunja kidole cha jina lake, akakunja cha baba yake, akakunja cha babu. Cha nne kikabaki kimesimama peke yake, wote wanakitazama.

Hakimu aliwaka. Alisema hii ni dhuluma ya fomu, maisha yake yote hajaona fomu yenye nafasi ya jina la nne, na Dresa akaapa kwamba hata kadi za hospitali ni hivyo hivyo. Binti aliwauliza wao je, wanawajua wa kwao? Hakimu akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni. Dresa akatazama machicha ya kahawa. Mama Kahawa alisema wa kwake aliitwa Bibi wa Juu, kwa kuwa alilala ghorofani, na ghorofa ilishabomolewa.

— Hakuna mtu mzima wa kuulizwa nyumbani? binti alimrudia Lehemu.

— Alikuwepo shangazi, alisema Lehemu. Alikuwa akiujua ukoo wote. Siku moja alinikalisha akaanza kunihesabia, huyu kamzaa huyu, huyu kamzaa huyu. Nikamwambia ngoja kwanza shangazi, nikumalizie hii ya jino.

— Sasa yuko wapi?

— Tumemzika mwaka juzi. Alicheka sana siku ile ya jino.

Binti alitazama saa, akasema mchapaji anamngoja, aandike nini?

— Sonara, alisema Lehemu polepole. Kwanza sonara. Meno yafuate. Jina, andika halijulikani.

Binti akaandika. Akasema umebaki mstari wa chini kabisa, wa mtu aliyetoa koleo.

— Huo ujaze majina yangu, yote matatu, alisema Lehemu. Mtu akitaka kujua nani aliyelipoteza jina la mzee, asisumbuke kutafuta.