Polikarpi Twagirayezu, Aliyefungua Pikipiki Kila Jumamosi

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni Immaculata, dada wa marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja. Kamati ya mazishi iliniomba wasifu huu uwe mfupi na usimguse mtu. La ufupi nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa hapa Ihanda tarehe 26 Januari 1952, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku ile. Baba yetu, hayati Mzee Mbonimpa, na mama yetu, Mukamusoni, walitoka Rwanda wakaja kupalilia kahawa za watu hadi walipopata kipande cha kupanda migomba yao wenyewe. Polikarpi hakuwa na vitu vya kuchezea, akachezea bawaba za mlango. Siku moja aliung'oa mlango mzima kwa sababu ulikuwa unalia kila ukifunguliwa. Baba alimchapa. Kesho yake mlango ulikuwa umerudi mahali pake, bawaba zimesuguliwa kutu yote kwa mchanga, na haukulia tena. Mama alipomuuliza kwa nini hakuupaka mafuta tu kama watu wengine, alisema kitu kinacholia kinaonyesha kinapoumia, na ukikipaka mafuta unakiziba mdomo. Alikuwa na miaka tisa. Naomba mlishike neno hilo, nitalirudia.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Ihanda kuanzia mwaka 1961 hadi 1967. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, akalima na baba hadi mwaka 1973 alipopata nafasi ya kujifunza uganga wa mifugo. Mwaka 1975 alirudi na cheti, akaajiriwa kuwa bwana mifugo msaidizi, kituo chake Omurushaka. Ng'ombe aliotakiwa kuwachanja walikuwa mbali, kwenye nyika za Kyerwa, na serikali ilimpa baiskeli.

Vita ya mwaka 1978 ilipopitisha wanajeshi Omurushaka, alikuwapo fundi mmoja wa jeshi mwenye pikipiki za njia mbovu, zile ndefu zenye tairi za meno makubwa. Marehemu alimpelekea mkungu wa ndizi, fundi akamfungulia kabureta na kumweleza kila tundu. Mama yetu anasema kijana wake aliugua ugonjwa wa pikipiki tangu siku hiyo. Mwaka 1985 ofisi ilipoipiga mnada pikipiki moja ya aina hiyo, mbovu, kuku wakitagia kwenye kiti chake, aliinunua yeye peke yake. Hapakuwa na mwingine aliyeitaka.

Aliifufua. Alibadilisha gia ya nyuma akaweka kubwa zaidi ili ipande milima ya Nkwenda na sanduku la chanjo mgongoni. Bomba la moshi alilinyanyua juu ili lisinywe maji kwenye vijito. Shokapu za mbele alizitia mafuta mazito, chujio la hewa akaliosha kwa sabuni ya kufulia. Kila Jumamosi alitandika gunia uani, akafungua magurudumu, akafuta vumbi ndani ya breki, akapanga kila nati kwa zamu yake, na ole wa mtoto aliyekanyaga gunia. Mwaka 1986 alikosa gasketi, akaikata kwenye kalenda ya parokia, kwenye mwezi wa Oktoba. Mama aliponung'unika kwamba huo ni mwezi wa Rozari, alijibu kuwa sasa hata injini inasali. Kwa pikipiki hiyo alichanja ng'ombe dhidi ya magonjwa ya kimeta na chambavu hadi kwenye maboma ambayo bwana mifugo hakuwahi kufika, na wengi wenu mliosimama hapa mna ng'ombe kwa sababu hiyo.

Tarehe 9 Agosti 1980 marehemu alifunga ndoa na Kemirembe, binti wa wafugaji wa huko juu ya Nkwenda. Wazee wa ukoo ule walikataa. Walisema binti yao hawezi kwenda kwa mtoto wa kibarua asiye na hata ndama. Aliyesimama mbele yao akamtetea ni kaka wa bibi harusi, Ndyamukama. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kaka yangu hakulisahau hadi anakufa. Chochote Ndyamukama alichoomba, alipewa.

Mwezi uliopita Ndyamukama alimwoza binti yake, Kobusingye. Mvua ilikuwa imeibeba barabara, gari lisingefika nyumbani, akaomba pikipiki imchukue bibi harusi hadi kanisani. Marehemu aliipeleka Alhamisi, akawaambia breki zinalia kwa vumbi na kwamba Jumamosi hiyo hataweza kuzifungua, basi iendeshwe polepole. Akarudi kazini. Walioachiwa pikipiki hawakutaka bibi harusi aende kanisani juu ya kitu kinachopiga kelele. Wakafungua magurudumu yote mawili. Kwa wafugaji samli hulainisha kila kitu, kuanzia ngozi ya kulalia hadi nywele za bibi harusi, na kwao ni heshima na baraka. Walipaka samli ndani ya breki.

Hazikulia tena. Kobusingye alikwenda kanisani mwendo wa kutembea, watu wakiimba pembeni, na hakuna aliyehitaji kushika breki. Nani angejua?

Marehemu alifika harusini Jumamosi, tarehe 19 Juni, na akalala huko. Jumapili asubuhi alikabidhiwa pikipiki imeoshwa inang'aa. Muhangi, rafiki yake na fundi wa Omurushaka, alikuwapo. Anasema Polikarpi aliizunguka, akainama, akashika spana, kisha akairudisha mfukoni. Mnajua kwa nini. Kwetu, kukagua kitu mbele ya aliyekirudisha ni kumwambia umekiharibu, na aliyekirudisha alikuwa muramu wake, yaani shemeji. Mtu aliyefungua pikipiki ile kila Jumamosi kwa miaka minane, siku hiyo moja aliona haya. Akasema, "Asante muramu, mmeitunza," akapanda.

Mteremko wa kwanza kutoka pale ni mrefu na una mawe. Injini ya aina ile haimzuii mtu anaposhuka, inategemea breki. Alianguka kwenye kona ya chini.

Alivunjika paja na kuumia ndani ya tumbo, akalazwa hospitali kwa majuma matatu. Mimi ndiye niliyemuuguza. Ndugu za mke wake walikuja na maziwa, walikuja na ndizi, walikaa kitandani wakamshika mkono, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Nje, kwenye maduka ya Omurushaka na kwenye vilabu, habari ilikuwa imekwisha kupangwa: bwana mifugo alikunywa orubisi ya harusi akalewa, akaanguka. Habari hiyo iliingia hadi wodini. Aliisikia akiwa hai. Kaka yangu, ambaye hakugusa pombe siku yoyote aliyotarajia kuendesha, alisikia kwamba amejiumiza kwa ulevi.

Siku mbili kabla ya kufariki aliniambia, "Immaculata, nilibana breki zikateleza. Nilisikia harufu ya samli inaungua. Usiache waseme nililewa." Nilimtaka amtaje aliyepaka. Alisema hajui, na kwamba anayejua atasema mwenyewe, maana si watu wabaya. Alifariki Jumatatu tarehe 12 Julai 1993, alfajiri.

Jumatatu hiyo hiyo Muhangi alifungua magurudumu mbele yangu na mbele ya katekista wetu. Samli ilikuwa imeganda humo, ya njano, imechanganyika na vumbi, na hata mtoto angeitambua kwa harufu. Nikapeleka habari kwa kamati ya mazishi. Wakaniambia niandike "ajali ya barabarani" na kuacha hayo mengine, eti wakwe wasiaibike msibani. Kwa hiyo marehemu ndiye aaibike, kwa kuwa hawezi kujibu? Mnakuja kumlilia mchana, mkitoka hapo mnasimuliana ulevi wake njiani. Nina hasira, na nisiambiwe kwamba ni uchungu tu wa msiba. Wala nisisikie mtu akisema ni kazi ya Mungu. Mungu hakupaka samli.

Jana alasiri, vijana wakichimba kaburi, Ndyamukama alinikuta migombani. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nililelewa, naye akaitika. Nilipogeuka kuondoka, ndipo aliposema.

"Ni mimi. Nilimpakia kwa mikono yangu. Nilidhani namheshimu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema hospitalini, wakati mtu yuko hai na anasingiziwa. Akasema kila alipoingia wodini marehemu alimshukuru kwa maziwa, na neno likamkwama. Alilia. Aliniomba nisimtaje leo, atasema siku nyingine, wakati wa kuanua matanga, wakiwa wachache.

Sitamdhulumu. Najua hakukusudia, na najua hakuna aliyempenda kaka yangu kuliko yeye katika ukoo ule. Kupaka samli ni kosa la mtu asiyejua, na kosa hilo marehemu angelicheka. Lakini kunyamaza hakukuwa kutojua. Lile neno la mlango nililowaomba mlishike ndilo hili: alijua breki zilikosewa, akajiziba mdomo kama alivyoziziba breki, akaacha jina la mwenzake liburuzwe mitaani majuma matatu. Jina lilichafuliwa mbele ya watu wengi. Haliwezi kusafishwa mbele ya wachache.

Marehemu ameacha mjane, Kemirembe, ambaye hajaambiwa na kaka yake hadi dakika hii ninaposoma. Watoto watatu, Costansia, Ildefonsi na Kantengwa. Mama mzazi, Mukamusoni. Mimi dada yake. Na shemeji yake, Ndyamukama. Ameacha pia pikipiki yake uani, juu ya gunia, magurudumu yakiwa wazi. Nimemkataza Muhangi kuyasafisha mpaka kila anayetaka kuona aone.

Kwenye karatasi mliyoshika mstari wa mwisho hauna maneno. Ni ule wa kumwombea marehemu pumziko la amani, na sitausoma mimi. Shemeji Ndyamukama, njoo usimame hapa nilipo. Sema uliloniambia jana migombani, kisha umtamkie muramu wako hayo maneno ya mwisho. Kaburi bado liko wazi, na tunakusubiri.