Siku Yangu ya Viazi

Ndugu zangu wa jumuiya, salamu tumeshapeana pale mlangoni, basi naomba niongee nimekaa. Si dharau. Wiki nzima nimesimama mbele ya watoto, na baridi hii ya mwezi wa sita haina huruma na magoti ya mtu wa umri wangu. Mliniomba niseme kwa nini mwaka jana nilipotea kwenye sala, mkawa mnaniona kwa nadra kama mgeni. Nitasema. Majina sitataja, maana watu wenyewe tunakutana nao sokoni.

Nilihamishwa kutoka Chala, nikaja kuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapo nje ya mji. Watoto wengi pale ni wa wakulima, Wafipa wenzetu, na wengine ni wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Hawa wa wafugaji kila siku walichelewa. Asubuhi nikifika nawakuta wamepiga magoti chini, udongo una baridi ya kukata, na mwalimu wa nidhamu anapita na fimbo yake. Kulikuwa na binti mmoja wa darasa la sita. Alinyoosha mkono kabla hajaambiwa, akapigwa, akaurudisha, wala hakulia. Alishazoea. Nililia mimi, ofisini, mlango nimeufunga. Nikasema hili jambo nitalimaliza.

Na kweli nikalimaliza, lakini sikilizeni nilivyolimaliza. Jumatatu, mstarini, walimu wamesimama nyuma yangu, nikawatangazia wanafunzi kwamba kuanzia siku hiyo fimbo basi, na walimu wote wazilete ofisini kwangu sasa hivi. Watoto wakashangilia. Ndugu zangu, nawaambia, walipiga mpaka vigelegele, nami nikajiona mtu wa maana sana. Sikugeuka nyuma. Ningegeuka ningewaona watu wazima niliowavua nguo mbele ya watoto. Yule mwalimu wa nidhamu ni rika la kaka yangu mkubwa, na sikuwa nimemwambia hata neno moja.

Hawakugombana nami. Afadhali wangegombana! Yule wa nidhamu namsalimia shikamoo, anaitika marahaba huku anaangalia dirishani. Wanaingia darasani, wanafundisha, wanatoka. Pale shuleni kila mwalimu ana siku yake ya kuleta kitu cha kunywea chai ya saa nne. Siku yangu ilipofika nikaamka mapema, nikachemsha viazi vitamu sufuria nzima, nikapanda nayo bodaboda nimeipakata. Saa nne nikaingia ofisi ya walimu. Vikombe vilikuwa vimeshaoshwa, vimefunikwa. Mwalimu mmoja akaniambia kwa adabu kabisa, "Pole, Madam, leo tulikunywa mapema." Nikarudi na viazi vyangu nyumbani, tukavila na wanangu siku mbili. Mnacheka, chekeni tu. Mimi sikucheka.

Ndipo nilipoanza kuishiwa nguvu. Usingizi ukakata, presha ikapanda. Jumapili nilikuwa nalala nimegeukia ukuta, nasikia mnaimba nyumba ya tatu, na siwezi kunyanyuka. Nikaomba uhamisho. Nilitaka kwenda popote, hata huko bondeni kwenye joto na mbu.

Shule nayo ikaharibika. Walimu waliachia kila kitu. Mtoto akitukana, mwalimu anampita. "Madam kasema tusiwaguse," wanajibu. Wale wakubwa wa darasa la saba wakajua hakuna wa kuwauliza. Wakaanza kuwasumbua wale wale watoto wa wafugaji, wanawaambia wananuka ng'ombe, wanawamwagia maziwa waliyobeba. Mimi nimejifungia ofisini na presha yangu, sioni.

Akaja baba wa yule binti. Mzee mrefu, mpole, amevaa koti zito, fimbo yake ya kuchungia ameiegemeza nje ya mlango. Alikuwa amekuja kuniambia kwamba mtoto wake hatarudi tena shule. Nikaanza kumweleza kwamba siku hizi hapa hatupigi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwalimu," akasema, "zamani alikuwa anapigwa na mmoja. Siku hizi anapigwa na wote."

Akaniaga vizuri, akaondoka. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofika chini kabisa.

Siku ya zamu yangu iliyofuata nilichemsha tena viazi. Safari hii nikaingia ofisi ya walimu kabla ya saa nne, nikakaa. Sikuwa na hotuba. Nikawaambia alichosema yule baba, kama alivyokisema. Nikasema, "Fimbo sizirudishi. Lakini nilivyowafanyia pale mstarini haikuwa sawa, naomba mnisamehe. Mtoto ameacha shule na mimi sijui la kufanya." Machozi yakanitoka, nikaona aibu, nikayaacha.

Kisha mwalimu wa nidhamu akavuta sufuria, akachukua kiazi, akaanza kukimenya taratibu.

"Ulituambia tuache, Madam," akasema. "Tushike nini badala yake, hukusema wala hukuuliza."

"Sasa nauliza."

"Wale watoto hawachelewi masomo. Wanachelewa usafi wa asubuhi. Wanakamua ng'ombe kwanza, ndipo waje. Usafi ufanyike jioni, uone kama kuna mchelewaji."

Jambo lenyewe ndilo hilo. Mtu aliyekuwa anawachapa ndiye aliyekuwa anajua, na katika shule nzima hakuna aliyewahi kumuuliza. Tukahamisha usafi. Zamu ya walimu tukaipanga upya, watatu kati yao wakakaa na wale wa darasa la saba mpaka kelele zikapungua. Hazijaisha, nisiwadanganye.

Mimi na mwalimu wa nidhamu tulikwenda nyumbani kwa binti. Alipomwona mwalimu akakimbilia nyuma ya zizi. Nilimwona mwalimu mwenzangu akisimama pale, mikono hajui aiweke wapi. Hakumfuata. Akasema kwa sauti ili asikie kule aliko, "Kesho nitakuwa pale mtoni mnapovukia. Nitakuja mikono mitupu."

Kesho yake binti hakuja. Wala siku iliyofuata. Wiki ile yote hakuja, na mwalimu kila asubuhi yuko mtoni na baiskeli yake, upepo unampiga, anawavusha wengine. Mimi nilishakata tamaa. Asubuhi moja nikawaona wanatokea kwenye kona, mwalimu anakokota baiskeli, binti yuko nyuma yake, mbali kidogo, kidumu cha maziwa mkononi. Hawakuwa wanaongea. Ila walikuwa wanakuja.

Barua yangu ya kuomba uhamisho niliifuata mwenyewe ofisi ya elimu, nikaomba nirudishiwe.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru walimu wangu, ambao hawapo hapa na hawajui kama nawasema. Namshukuru mama mmoja wa jumuiya hii, anajijua, aliyekuwa anakuja jikoni kwangu Jumapili baada ya sala, anachambua mboga, haniulizi kitu, anaondoka. Na yule baba, kwa kuja kuniambia badala ya kunyamaza.

Funzo? Nimechoka, sina funzo kubwa. Ukitaka kubadilisha kitu, iwe shule, iwe nyumba yako, iwe hata jumuiya hii, kaa kwanza na yule unayedhani ndiye kikwazo, umuulize anachokijua. Umuulize mkiwa mmekaa, watoto hawapo.

Binti sasa yuko darasa la saba. Mwalimu bado anapitia mtoni kila asubuhi, na hakuna aliyemtuma. Naomba mniruhusu niwahi kutoka. Kesho ni siku yangu ya viazi, na wameniambia safari hii niongeze sufuria.