Mkono Niliodhani ni Sadaka

Salamu mmeitikia vizuri, na sauti nzito zaidi imetoka kule nyuma waliko wapiga besi wapya wa kwaya. Maneno yangu ni kwa ajili yenu hasa, wapiga besi, ingawa wazee wenzangu wanaruhusiwa kusikiliza.

Nilianza gitaa la besi nikiwa mtu mzima, mikono imekwisha kuzoea jembe na matuta ya ulezi. Hakuna aliyenifundisha. Nilikunja kifundo cha mkono wa kulia, nikaingiza kidole chini ya uzi na kuuvuta juu kwa nguvu. Spika yetu ilikuwa dhaifu, nami nikadhani ni kazi ya kidole kufikisha sauti mpaka mlangoni. Watu wakisema, "Leo besi imelia!" navimba kichwa.

Kisha mkono ukaanza kuuma. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopotea. Ilikuwa Kwaresima, tunafanya mazoezi ya Pasaka kila jioni. Wenzangu walijinyima pombe, wengine nyama. Mimi nikasema, maumivu haya namtolea Bwana. Mke wangu, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza, aliniona nashindwa kushika kikombe cha uji.

"Baba, si umwulize mtu anayejua?"

"Acha, mama. Hii ni sadaka yangu."

"Sadaka gani inamwaga uji?"

Nilicheka. Sikumwuliza mtu. Siku ya Pasaka vidole vilikakamaa katikati ya wimbo wa Utukufu, nikaliweka gitaa chini mbele ya kanisa zima. Mganga wa zahanati aliniambia nipumzike. Nilipumzika miaka. Nilikaa benchi nikimsikiliza mke wangu akiimba bila besi, na nawaambia, hiyo ndiyo miaka aliyokuwa amebakiza.

Baada ya kumzika, alikuja sista mmoja kutoka kule bondeni, Mtowisa, kutufundisha kwaya. Alinikuta nimelishika gitaa peke yangu, nikijaribu.

"Shikamoo, babu. Samahani, hapo unapiga besi au unang'oa magugu?"

"Marahaba, sista. Ndivyo ninavyojua."

Akaninyoosha kifundo. Kidole gumba akakiegemeza juu ya kile kipande cha sumaku kilicho chini ya nyuzi. Kidole cha shahada, akasema, kipite juu ya uzi bila kuuchimba, kisha kitue kwenye uzi wa jirani. Kisha cha kati nacho vivyo hivyo, vikipokezana kama miguu inavyotembea.

"Gusa kwa wepesi, babu. Sauti kubwa mwachie spika."

Nikapiga polepole. Hakukuwa na maumivu. Nikalia, naye maskini akadhani ameniumiza. Nililia kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo, na aliyenihimiza kuuliza hakuwepo kusikia.

Namshukuru sista yule, na mganga, na kwaya iliyonipokea tena bila kunisimanga. Sasa napiga kila Jumapili, taratibu.

Nanyi wanafunzi, mkono ukiuma, acheni kupiga. Legezeni bega, tazameni kifundo, ulizeni siku hiyo hiyo. Ziko shida ambazo Mungu anazipokea kutoka kwetu, sikatai. Lakini yangu ilikuwa ukaidi niliouvika kanzu. Mtu wa nyumbani kwangu alitaka tu nimpigie besi anapoimba, nikamnyima kwa jina la Bwana.

Kwa hilo, naomba mniombee.