Kompyuta Haimjui Mami

Ting. Mlio mmoja mwembamba, kama kengele iliyogongwa ndani ya maji, ulipenya ukuta wa mabati na kuwaamsha wapangaji wawili wa mtaa wa Waithaka usiku wa Ijumaa. Ilikuwa kompyuta ya mkononi ikiwaka. Ilikuwa imelala ndani ya kanga chini ya kitanda tangu mazishi, miaka miwili, na aliyeiwasha alitumia kiwiko. Kulipopambazuka, Muigai aliikumbatia hadi kwenye benchi la Musembi, fundi viatu, mahali ambapo kila Jumamosi watu hunywa kahawa chungu na kutatua shida za nchi nzima. Pale kijiweni anaitwa Kisu, kwa kuwa alichinja ng'ombe Dagoretti miaka ishirini na sita. Mkono wake wa kulia ulipooza mwaka jana. Wa kushoto, msumeno wa mifupa ulishaondoka na vidole vitatu zamani.

Kiarie, fundi wa simu na redio ambaye wote humwita Waya, alichomeka kompyuta kwenye umeme wa kibanda chake cha jirani, akatafuta mle ndani mpaka akapata sehemu ya watu wasioweza kutumia mikono. Kwa nusu saa Kisu aliisomea mashine sentensi za Kiingereza, moja moja, kama mtoto wa darasa la pili mbele ya mkaguzi.

– Sasa imeshika sauti yako, Waya alisema. Kitu yoyote unaona hapa kwa skrini, unaita na jina yake. Unasema "open", halafu jina. Jaribu hii ya takataka.

– Open Recycle Bin.

Dirisha likafunguka. Musembi aliacha sindano hewani.

– Ai. Imemtii.

– Landlord yangu hajawahi nisikia haraka hivyo, alisema Tobias, makanga mstaafu wa matatu waliyembandika jina la Spika kwa sababu hajui kunyamaza.

Kisu hakucheka. Katikati ya skrini palikuwa na folda moja ya manjano, na chini yake jina la mtu, herufi saba. Ilikuwa ya binti yake. Kila Jumapili alikuwa akija kutoka chuoni mjini, anamuuliza babake habari za nyanyake, anaziandika humo. Folda hiyo hakuna mkono ulioigusa tangu wake. Siku ile ya mwisho, Kisu hakufika hospitali kwa wakati. Alikuta kitanda kimeshatandikwa. Hapa, alijiapiza, atafika yeye wa kwanza.

– Open Mami, alisema.

Folda haikufunguka.

– Open Mami.

Kompyuta ilimtazama tu. Binti alipewa jina la mama mzazi wa Kisu, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu, na Kisu hangeweza kumgombeza mama yake kwa jina, wala kumtuma dukani kwa jina. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa Mami. Mtaa mzima ukamwita Mami. Jina lenyewe lilibaki kwenye vyeti vya shule, na mwishowe kwenye msalaba.

– Nikubonyezee tu, mzee, Waya alisema. Ni sekunde moja.

– Usiguse.

Waya akarudisha mkono. Macho yake yalipita kwenye zile herufi saba, yakakimbilia barabarani. Spika naye alizisoma, akakohoa.

– Shida ni Kiingereza, Spika alisema. Hii mashine imelelewa na Wamarekani. Wewe unaongea na pua ya kwenu Gĩthũngũri.

– Mbona takataka ilifunguka na hiyo pua? Kisu aliuliza.

– Takataka ni ya kila mtu.

– Mimi naona ni meno, Musembi alisema. Kisu hana mawili ya mbele. Upepo unatoka kabla ya neno.

– Hapana, sikiza, Spika akasogea. Hizi vitu zinapitia satelaiti. Leo ni Jumamosi, wazungu wote wako nyumbani wanaongelesha zao. Laini imejaa. Kisu, ngoja Jumatatu.

– Haina laini hata moja, buda, Waya alisema. Ni mimi nimeifungua.

– Basi ni kama ng'ombe, Musembi alisema. Akizoea mkono wa mtu mmoja, mwingine akija kukamua, anabana maziwa. Si ukaidi. Anangoja yule wake.

Musembi akainamia kiatu, akashona mahali palipokwisha kushonwa.

Kisu alijua. Alijua tangu "Mami" ya kwanza. Lakini kila nadharia ilimpa dakika chache zaidi, na alizishika zote, ya pua, ya meno, ya satelaiti, jinsi mtu anavyoshika ukuta gizani.

– Hamjambo wazee, mwanamke mmoja aliwasalimu. Mimi naitwa Nasimiyu, nimehamia hii ploti ya nyuma juzi. Nimeambiwa hapa kuna fundi wa viatu.

Musembi alipokea kiatu cha mtoto kilichofumuka. Waya akamweleza mgeni, kwa heshima ya mgeni, kwamba mzee hapa anaita mashine, na mashine inakataa. Nasimiyu aliinama mbele ya skrini, akasoma kimyakimya.

– Na mbona hamuiti hili jina limeandikwa?

Waya alitazama waya zake. Musembi alitafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake.

– Nimekosea, baba? Nasimiyu aliuliza taratibu.

– Hujakosea, mama. Ni jina la mama yangu. Na la msichana wangu. Wote wawili wamelala Gĩthũngũri, bega kwa bega.

Kisu alijisogeza mpaka magoti yakagusa meza. Mikono yake aliiweka kando.

– Open, alisema. Open Wan...

Juu ya skrini pakatokea maandishi madogo kwamba hakusikika, arudie.

– Inasemaje? Kisu aliuliza, ingawa alikuwa ameona.

– Inasema haijasikia, mzee, Waya alisema. Inataka ulitoe lote.

Kisu akavuta pumzi.

– Open Wanjira, alisema.