Dawa ya Doa Jeusi na Daktari Wetu Anayestaafu

Waheshimiwa machifu na wasemaji wa wilaya yetu. Mchungaji na mama mchungaji. Mheshimiwa mkuu wa hospitali, uliyevuka kwa feri kutoka kisiwa cha Upolu kuja kwetu Savai'i asubuhi hii. Daktari Neemia, tunayekuaga leo, pamoja na familia yako. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi kina mama wa kamati, mlionisukuma mpaka hapa mbele kisha mkainamisha macho kwenye mikeka kama hamnijui: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Fuatino. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea kupanga vyeo mnisamehe. Kwa miaka kumi na tisa nimeosha na kuchemsha vyombo vya kliniki ya meno, nimeita majina ya wagonjwa, na mtoto akipanda kwenye kile kiti, mimi ndiye ninayemshika miguu.

Daktari Neemia amekaa nasi miaka thelathini na mmoja. Wenzake walikwenda New Zealand, yeye akabaki. Kimbunga kilipochukua paa la kliniki alitibu watu chini ya turubai siku kumi na moja, shati limelowa, na hakumrudisha mtu nyumbani. Nani humu ndani hajawahi kuwa na vidole vyake mdomoni? Hata wewe Mchungaji, nakumbuka ulivyolia.

Hizo ni sifa, na zote ni za kweli. Sasa niruhusuni niseme lililonikaa kooni miaka mitatu.

Binti yangu Moelagi, yule pale anayegawa vikombe vya kakao, alirudi kutoka chuo cha Suva, Fiji, akiwa daktari wa meno. Alirudi na chupa ndogo ya dawa. Unapaka kwenye jino la mtoto lililooza, bila sindano, bila mashine, na uozo mara nyingi unasimama. Ila pale palipooza panabaki doa jeusi. Alileta na karatasi za watu waliopima jambo hilo kwa watoto wengi, katika nchi nyingi, miaka mingi. Akaziweka mezani kwa Daktari kwa mikono miwili. Daktari akamshukuru vizuri sana, akaweka kikombe chake juu ya karatasi hizo. Chupa ikaingia kabatini.

Nikamuuliza Daktari, "Kwani dawa ile ni mbaya?" Akasema, "Fuatino, hakuna mama wa Savai'i atakayekubali mwanawe awe na meno meusi. Na mimi nimeng'oa miaka yote hii, nani amekuja kulalamika?"

Jamani. Atakayelalamika ni nani? Jino likishang'olewa haliumi tena, mtu atarudi kusema nini? Na mtoto aliyeogopa harudi kabisa, anakua na uozo wake huko huko kijijini. Daktari anawaona waliorudi, anadhani ndio watu wote. Mimi ninayeita majina ndiye ninayeona majina yasiyoitika.

Nikamgeukia binti yangu, "Na wewe mbona umenyamaza? Tulikupeleka shule ya nini?" Akaniambia, "Mama, yeye ndiye aliyeniandikia barua ya kwenda Suva. Nitasimama vipi mbele ya mtu mzima nimwambie kuna njia bora kuliko yake?" Basi hapo ndipo tulipo. Mkubwa hasomi kwa sababu amezoea, mdogo aliyesoma hasemi kwa sababu amelelewa vizuri, na katikati yao watoto wanazidi kung'olewa.

Miezi minane iliyopita aliyepanda kile kiti alikuwa mjukuu wangu Etuale, mtoto wa kaka yake Moelagi, miaka mitano. Meno manne. Nilimshika miguu mimi mwenyewe, bibi yake, nikimwambia tulia mwanangu, tulia. Tangu siku ile nikimwita haji. Anakula kwangu, lakini hakai pajani, na nikinyoosha mkono anajificha nyuma ya mama yake. Mdogo wake wa kike, Vaina, ana miaka minne sasa, na matundu yake nimeyaona. Zamu yake ni Jumanne. Mniambie, naye nimpoteze?

Nikaona niwaulize wenyewe. Tukiwa tunasuka mikeka ya kumuagia Daktari, niliuliza kina mama kumi na wawili: mwanao apakwe dawa, asichomwe sindano, abaki na doa jeusi, utakubali? Tisa walikubali. Wawili walisema wakaulize waume zao, ingawa sote tunajua nani anaamua kwenye nyumba hizo. Salote akapinga: "Na Jumapili ya Watoto je? Asimame kanisani na nguo nyeupe, asome aya kwa meno meusi?" Tofi akamjibu, "Wako mwaka jana alisoma na mapengo matatu, dada. Aya hatukuisikia, tulisikia upepo."

Miaka mitatu, Daktari. Swali lenyewe lilichukua muda wa kumaliza ukingo wa mkeka mmoja. Mbona hukutuuliza?

Sikukasirikii. Na mimi nilikuwa nasema dawa isiyouma si dawa. Lakini nakujua, na najua kisiwa hiki. Binti yangu akiwaambia watu, watasema ni mambo ya vijana, na itachukua miaka kumi mingine. Ukisema wewe, itachukua asubuhi moja. Kwa hiyo kamati haijaja na mikeka tu, imekuja na ombi: Jumanne, siku yako ya mwisho ya kazi, usije kutibu. Njoo ukae kwenye benchi na kina mama, uwaambie kwa mdomo wako kwamba ulichelewa, na kwamba binti huyu apake.

Naona unatikisa kichwa. Huko ni kukubali, au shada la maua linakuwasha shingo?

Mheshimiwa mkuu wa hospitali, umemsikia mwenyewe. Anauliza saa ngapi.

Saa mbili asubuhi, Daktari. Vaina ni wa kwanza, na safari hii nitampakata.

Nawashukuru nyote, wakubwa kwa wadogo, kwa kuniazima masikio yenu. Asanteni.